Gari la Familia kwa Safari Fupi za Msimu wa Theluji: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Lisilokunywa Mafuta

Novemba ikifika, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minneapolis na Saint Paul swali huwa lile lile: nina watoto wawili, kazini ni maili nne, theluji hiyo imeanza, ninunue gari gani? Na jibu huwa lile lile pia: chukua SUV kubwa yenye AWD (injini kusukuma magurudumu yote manne), mengine utayaona mbele ya safari. Aliyejibu hivyo ana nia njema, lakini amejibu hofu ya theluji. Swali la mafuta hajaligusa. Mtu wa safari fupi pesa yake inaliwa na injini ambayo kila siku inazimwa kabla haijapata moto, na tatizo hilo SUV kubwa inalizidisha.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Minnesota akilini, ambako wastani wa joto la Januari Minneapolis ni kama 16°F (−9°C) na theluji ya mwaka mmoja huzidi sentimita 120. Aliye Michigan, Maine au Manitoba atabadilisha majina na bei. Hesabu itabaki ile ile.

Hatua ya kwanza: Andika safari zako za wiki moja

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya magari, andika kila safari ya wiki nzima: umekwenda maili ngapi, mlikuwa watu wangapi, na gari lilikuwa limesimama muda gani kabla hujaliwasha. Hilo la mwisho wengi hawaliandiki, nalo ndilo zito. Gari lililosimama dakika ishirini nje ya duka bado lina joto. Lililosimama saa nane nje ya nyumba ya wazee wakati wewe uko zamu linaanza upya kabisa.

Injini ya petroli ikiwa baridi humiminiwa mafuta zaidi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma kilichopoa. Oili nayo ni nzito, gia nzito, upepo wa tairi umepungua, na juu ya hayo umewasha feni, hita ya kioo cha nyuma na viti vya moto. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kwenye 20°F (−7°C) gari la kawaida la petroli hupoteza karibu 15% ya maili zake kwa galoni mjini, ukilinganisha na siku ya 77°F (25°C). Safari ikiwa ya maili 3 au 4 tu, hasara inaweza kufika 24%. Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, hupoteza kati ya 30% na 34%. Gari la umeme, kwenye mchanganyiko wa mji na barabara kuu, hupoteza karibu 39%.

Usishtuke kuona haibridi na umeme vinapoteza asilimia kubwa zaidi. Vinaanzia juu, kwa hiyo hata vikipunguzwa bado viko mbele. Lakini usizisahau asilimia hizo, kwa sababu stika ya dirishani, ile ya makadirio ya mafuta kwenye gari jipya, haikuonyeshi. Namba yake kubwa ni mchanganyiko wa 55% mjini na 45% barabara kuu, na mtu anayepeleka mtoto shule na kurudi hana barabara kuu. Soma namba ya mjini peke yake, uikate robo kwa gari la petroli au theluthi kwa haibridi, hapo utakuwa karibu na ukweli wako wa Januari.

Ukishaandika, tazama safari zipi zinaweza kuunganishwa. Shule, kisha duka, kisha kazini, bila kurudi nyumbani katikati, ni injini kupashwa mara moja badala ya mara tatu. Hakuna teknolojia utakayouziwa kwa bei hiyo.

Hatua ya pili: Gari litalala wapi?

Swali hili linaamua mambo mengi kuliko jina la gari. Kuna watu wa namna tatu.

Mwenye banda la gari nyumbani, hata lisilo na hita, ana bahati. Gari halipigwi na upepo, halifunikwi na theluji, na asubuhi linaanza likiwa na joto zaidi kidogo kuliko la nje. Kama humo ndani mna soketi ya umeme, basi magari ya kuchomeka, yaani yanayochajiwa kwa soketi ya nyumbani, yanakuhusu. Tahadhari moja tu: usiache gari linanguruma ndani ya banda, hata kama mlango uko wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua.

Mwenye nafasi ya kuegesha nje kwenye majengo ya kupanga mara nyingi hana soketi. Ongea na mwenye nyumba kabla ya kusaini mkataba wa gari la umeme. Ahadi ya kwamba "chaja zinakuja" usiipokee mpaka uone mafundi wanachimba.

Wa tatu ni yule anayeegesha barabarani. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, magari huhamishwa kwa zamu ya siku tatu: usiku wa kwanza barabara kuu zilizowekewa alama huachwa wazi pande zote, siku ya pili upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa mingine, siku ya tatu upande wa witiri. Ukichelewa, gari linavutwa na faini juu. Kwa mtu huyu gari refu ni usumbufu: atalitafutia nafasi mara tatu kwa theluji moja, na greda likipita linamwachia ukuta wa theluji ubavuni. Gari dogo unalichimbua kwa koleo dakika chache.

Kwa petroli na haibridi kuna kifaa ambacho watu wetu wengi hawakijui: hita ya injini ya kuchomeka. Ni waya mfupi wenye plagi unaochomoza mbele ya gari, chini ya boneti. Ukitembea Fairbanks kule Alaska, au Winnipeg, utakuta maegesho yenye soketi kwa ajili yake. Haihitaji kuchomekwa usiku kucha. Saa mbili kabla ya kuondoka zinatosha, kwa kifaa cha kuweka muda cha bei ndogo. Injini inawaka ikiwa na joto, na hita ya ndani inatoa hewa ya moto mapema. Gari unalolitaka likiwa halina, fundi anaweza kuifunga.

Hatua ya tatu: Chagua aina ya injini

Petroli ya kawaida isiyo na turbo ndiyo rahisi kununua na rahisi kutunza. Corolla, au Civic yenye injini ya lita 2.0, kwa familia ya watu wanne inatosha, na fundi yeyote anaijua. Ubaya wake ni kwamba kila asubuhi unalipia kuipasha, halafu unafika. Jua pia kwamba vitabu vingi vya magari huhesabu safari fupi za kwenye baridi kuwa matumizi magumu, kwa hiyo oili hubadilishwa mapema kuliko ile ratiba ya kawaida. Injini isiyopata moto haikaushi maji yanayojikusanya ndani yake, wala petroli inayovuja kuingia kwenye oili.

Hiyo petroli ndani ya oili si nadharia. Injini ya Honda ya lita 1.5 yenye turbo, iliyowekwa kwenye CR-V za 2017 na 2018 na baadhi ya Civic za miaka hiyo, ilijulikana kwa tatizo hilo hasa: sehemu za baridi, safari fupi, oili inapanda kwenye kijiti badala ya kushuka na inanuka petroli. Honda ilibadilisha programu za magari hayo na kuongeza muda wa dhamana. Ukikutana na mojawapo sokoni, uliza karatasi za kazi hiyo, kisha vuta kijiti cha oili mwenyewe ukinuse. Kwa jumla, mtu wa maili tatu nne ningemwambia aipitie mbali injini ndogo ya turbo inayomwagia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama ana chaguo jingine kwa bei hiyo hiyo.

Haibridi ya kawaida, isiyochomekwa, ndiyo ninayoipendekeza kwa familia nyingi, ila kwa macho wazi. Watu huambiwa kwamba mjini haibridi hutembea kwa umeme. Julai ni kweli. Januari, ukiwasha hita, gari linahitaji maji ya moto ya injini ili kukupasha, kwa hiyo injini inawaka na kuendelea kuwaka hata ukiwa umesimama kwenye taa. Usiipeleke kwa fundi ukidhani imeharibika. Dawa yake ni kushusha hita na kuwasha viti vya moto: kiti kimoja hutumia umeme wa taa ya zamani ya balbu, hita ya kupasha gari zima hula maelfu ya wati. Ndiyo maana kwenye baridi viti vya moto ni kifaa cha kuokoa mafuta, na ningevichagua kabla ya skrini kubwa au paa la kioo.

Majina ya kutazama: Corolla Haibridi, yenye kama maili 50 kwa galoni kwenye stika na ambayo tangu modeli ya 2023 inapatikana na AWD, Prius mpya iliyoanza 2023, RAV4 Haibridi na CR-V Haibridi kwa wanaotaka urefu wa kupanda na kushuka, na Sienna, ambayo tangu 2021 huuzwa ikiwa haibridi tu, ina maili 36 kwa galoni, na inabeba watu saba au wanane. Familia ya watoto wanne yenye shangazi anayekuja Jumapili, acha kuangalia SUV za safu tatu zenye kiti cha nyuma cha adhabu. Nunua Sienna.

Angalizo moja kuhusu Prius hiyo: toleo la LE lenye rimu za inchi 17 limepewa maili 57 kwa galoni, na XLE lenye rimu za inchi 19 limepewa 52. Gari ni lile lile. Rimu kubwa pia hufanya matairi ya theluji kuwa ghali zaidi. Toleo la bei ya chini hapa ndilo bora.

Haibridi ya kuchomeka, kwenye karatasi, imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa safari fupi. RAV4 Prime iliyoanza 2021 ina maili 42 za umeme, Prius Prime mpya ina hadi 44, na Chrysler Pacifica ya kuchomeka, gari la watu saba, ina 32. Mtu wa maili kumi kwa siku angeweza kukaa wiki nyingi bila kugusa petroli. Uliza swali moja kabla ya kulipa: hita yake inafanya kazi vipi? Pacifica huwasha injini pale unapotaka joto wakati wa baridi, kwa hiyo zile maili 32 majira ya baridi ni za kwenye karatasi. Zenye pampu ya joto, yaani hita ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje, hujitahidi zaidi, lakini nazo baridi ikizidi kiwango fulani injini huwaka. Na aliyenunua haibridi ya kuchomeka asiwe na pa kuichomeka amenunua gari zito la bei kubwa.

Gari la umeme kamili halina injini ya kupasha, na kwa safari fupi hilo ni jambo kubwa: hakuna oili ya kuharibika, hakuna bomba la moshi la kuoza, na joto linatoka ndani ya dakika moja au mbili. Umbali ukipungua hata kwa 40%, gari la maili 240 linabaki na zaidi ya 140, na wewe unahitaji 15. Kinachotisha watu ni safari ya Chicago. Ya shuleni haijawahi kumwacha mtu njiani. Kwa hiyo kama ni gari la pili la nyumbani na unayo soketi, gari la umeme lililotumika linaweza kukufaa kuliko yote. Chevrolet Bolt ya 2017 na kuendelea ilianza na maili 238. Nyingi zilibadilishiwa betri kwenye ule wito wa kiwanda wa kurudisha magari yarekebishwe kwa sababu ya hatari ya moto, hivyo uliza kama hilo unaloliangalia lilibadilishiwa. Nissan Leaf za mwanzo ni za bei rahisi sana, ila betri zake hazina mfumo wa kupozwa na kupashwa kwa maji, kwa hiyo pima afya ya betri kwanza. Soketi ya kawaida ya volti 120 hurudisha maili 3 hadi 5 kwa saa, na kwenye baridi kali sehemu ya umeme huo huishia kuipasha betri. Usiku mmoja bado unatosha kwa safari zako.

Msaada wa kodi wa serikali kuu ya Marekani, hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme na hadi 4,000 kwa lililotumika, uliisha 30 Septemba 2025. Muuzaji akikutajia, ongea na muuzaji mwingine.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya mafuta kabla ya kulipia teknolojia

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo tuende polepole. Tuseme unaendesha maili 5,000 kwa mwaka, 2,000 kati ya hizo kwenye miezi mitano ya baridi, na galoni ni dola 3.

SUV ndogo ya petroli yenye maili 26 kwa galoni mjini: majira ya baridi inashuka hadi kama 20, galoni 100, dola 300. Miezi mingine, maili 3,000 kwa 26 ni galoni 115, kama dola 346. Jumla dola 646.

Haibridi ya maili 50: majira ya baridi inashuka hadi kama 33, galoni 60, dola 180. Miezi mingine galoni 60 tena, dola 180. Jumla 360.

Gari la umeme linalotumia kilowati-saa 30 kwa maili 100: majira ya baridi zinapanda hadi kama 49, yaani kilowati-saa 980, miezi mingine 900. Kwa senti 15 kila moja, jumla ni dola 282. Xcel Energy, kampuni ya umeme ya huku, ina bei nafuu ya usiku kwa wenye magari ya umeme, kwa hiyo bili inaweza kushuka zaidi. Kwa upande mwingine Minnesota huwatoza ada ya ziada kila mwaka kwenye usajili, na ada hiyo peke yake inaweza kuimaliza ile tofauti ya dola 78 na haibridi.

Tazama tofauti ya SUV na haibridi: dola 286 kwa mwaka. Muuzaji akikuongezea dola 3,000 kwa ajili ya haibridi, zitarudi baada ya zaidi ya miaka kumi. Mtu wa maili 15,000 kwa mwaka hurudishiwa haraka. Mtu wa safari fupi hapana. Maana yake ni kwamba anayeendesha kidogo asikope kwa riba ya 9% ili aokoe mafuta. Corolla ya petroli iliyolipiwa taslimu humshinda. Na kama haibridi iliyotumika inauzwa karibu bei ile ile na ya petroli, hapo chukua haibridi bila kusita. Weka namba zako mwenyewe kwenye hesabu hii, dakika kumi tu, kabla hujakanyaga kwa muuzaji.

Hatua ya tano: AWD au matairi?

Nyumbani tumezoea kwamba barabara mbaya dawa yake ni 4x4. Matope ya Limuru au ya Kigoma hukukwamisha, na kukwamuka ni kazi ya nguvu. Theluji ya mjini kwa kawaida haikukwamishi, inakutelezesha. Ajali nyingi ni za kushindwa kusimama au kushindwa kukata kona, na kwenye kusimama AWD haina msaada wowote. Breki za magurudumu manne kila gari inazo. Kinachoshika barabara ni mpira.

Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya 45°F hivi (7°C). Tairi la majira ya baridi limechanganywa tofauti ili libaki laini, na lina mikato midogo mingi inayouma theluji. Litafute kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ubavuni mwa tairi. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi, hazina kipimo cha maana nyuma yake. Quebec matairi hayo ni sheria, kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota si lazima. Yenye misumari, mkazi wa Minnesota haruhusiwi kuyatumia.

Seti ya matairi manne ya baridi na rimu zake za chuma, kwa gari la kawaida, ni kama dola 600 hadi 1,000, na wakati yanatumika yale ya kiangazi yamepumzika, kwa hiyo yote yanadumu zaidi. AWD kwenye gari jipya huongeza bei kiasi kama hicho au zaidi, huongeza uzito, na hula maili moja hadi tatu kwa kila galoni mwaka mzima, pamoja na Julai. Asiye na mahali pa kuhifadhi seti ya pili anunue matairi ya hali zote yenye alama hiyo ya mlima, akae nayo mwaka mzima.

Kuna wanaohitaji AWD kwa kweli: aliye na njia ya kupanda mlima hadi nyumbani, anayeishi kijijini ambako greda hupita mchana, muuguzi ambaye zamu yake huanza kabla barabara haijasafishwa. Huyo atazame zile haibridi za Toyota ambazo magurudumu ya nyuma yanazungushwa na mota yake ya umeme. Hakuna shafti ndefu ya kukokota, ndiyo maana mafuta hayapotei sana. Subaru najua tunavyoipenda, Wakenya hasa. Ni gari zuri kwenye theluji. Lakini Forester na Outback za petroli ziko chini kidogo ya maili 30 kwa galoni kwenye stika, na umeona hesabu inavyokwenda ukikata robo.

Hatua ya sita: Pima viti kwa watoto wako halisi

Nenda kwa muuzaji na viti vya watoto mkononi. Ufunge vyote, vile vile mtakavyokaa. Viti vitatu kwenye safu moja huingia kwenye magari machache kuliko brosha zinavyodai. Sheria ya Minnesota iliyoanza Agosti 2024 inamtaka mtoto abaki kwenye kiti chake au kiti cha kuinulia mpaka miaka 9 au mpaka azidi vipimo, na wa chini ya miaka 13 akae nyuma inapowezekana. Kwa hiyo utaishi na viti hivyo muda mrefu.

Kuna jambo la baridi ambalo wazazi wageni hawaambiwi: mtoto hafungwi mkanda wa kiti chake akiwa amevaa jaketi nene. Jaketi hubonyea kwenye ajali, mkanda unabaki umelegea. Anavuliwa, anafungwa, kisha anafunikwa jaketi kwa juu kama blanketi. Hapo utaelewa kwa nini gari linalopata joto haraka ni suala la familia. Gari la umeme unaliwasha hita kwa simu likiwa bado limechomekwa. Bili ya umeme unalipa, lakini betri inabaki imejaa na mtoto anaingia kwenye joto. La petroli likiwashwa kwa rimoti hufanya hivyo kwa kunguruma bure, na hata kabla ya kuhesabu baridi injini isiyokwenda hunywa robo hadi nusu galoni kwa saa.

Hatua ya saba: Likague chini, kisha liwashe likiwa baridi

Gari lililotumika huku linaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani. Na Minnesota haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari ya binafsi, kwa hiyo hakuna aliyelitazama chini kwa niaba yako. Nenda na tochi na kipande cha kadibodi, ulale. Kutu nyekundu ya juu juu kwenye vyuma vinene ni ya kawaida. Angalia mabomba membamba ya breki yanayopita kando ya fremu: yakiwa yamevimba na kubanduka magamba, yatapasuka. Tazama kingo za chini za milango na sehemu ya kuwekea jeki. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi; ikizama, ondoka. Rangi nyeusi mpya iliyopulizwa chini ya gari kuukuu ifikirie kuwa inaficha kitu mpaka fundi aseme vinginevyo.

RAV4 Haibridi za kuanzia 2019 zina sehemu yake ya kutazama: kebo nene ya umeme inayokwenda kwenye mota ya nyuma. Kwenye maeneo ya chumvi nyingi kiungio chake kimeripotiwa kuliwa na kutu, na Toyota iliongeza muda wa dhamana yake. Mwambie fundi akupigie picha. Betri kubwa ya haibridi za Toyota kuanzia modeli ya 2020 ina dhamana ya miaka 10 au maili 150,000, kwa hiyo hiyo isikunyime usingizi. Ingiza pia namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya Marekani ya usalama barabarani, ni bure, uone kama kuna wito wa kiwanda ambao haujashughulikiwa. Na ripoti ya historia ikionyesha gari limeishi Texas au Georgia miaka yake mingi, lina thamani zaidi kuliko pacha wake wa Duluth, huku Minnesota kwenye chumvi.

Weka miadi ya asubuhi na mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, amelitayarisha kwa ajili yako, rudi kesho. Likiwa baridi, washa na usikilize: mgongano wa chuma usioisha, moshi wa buluu, taa ya injini isiyozimika. Weka saa uone dakika ngapi hita inachukua kutoa hewa ya moto. Endesha njia yako ya kila siku, ile ya shule, kwa mwendo wako wa kawaida. Barabara kuu aliyokuchagulia muuzaji haitakuambia kitu.

Hatua ya nane: Ukishalinunua

Injini za sasa hazihitaji kuunguruma dakika kumi na tano. Sekunde 30 zinatosha, kisha ondoka taratibu. Gari hupata moto haraka likitembea. Kabla ya kuwasha baada ya theluji nyingi, safisha mdomo wa bomba la moshi. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu, mara nyingi 0W-20 au 0W-16, kwa kuwa hiyo 0W ndiyo inayotiririka upesi kwenye baridi. Upepo wa tairi hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit, hivyo pima kila mwezi, asubuhi, kabla ya kuendesha. Siku chumvi imekauka na joto limepanda juu ya sifuri ya Selsiasi, lipeleke kwenye kioshaji kinachopiga maji chini.

Mara moja kwa wiki lipe safari ya nusu saa bila kusimama, maji yaliyomo kwenye oili yakauke na betri ijae. Betri ndogo ya volti 12, ambayo hata gari la umeme inayo, hupoteza karibu 60% ya nguvu kwenye 0°F (−18°C), na safari fupi haziirudishii kile ilichotoa. Ikishafika miaka minne, maduka mengi ya spea huipima bure. Ipeleke Oktoba, wakati foleni bado fupi.